Nafasi ya Kumi na Nne

Tok. Tok. Tok-tok.

Ulikuwa mwiko wangu ukigonga ukuta, na kulikuwa bado hakujapambazuka. Jogoo wa kutuamsha hatukuwa naye. Hom gadi, wale askari wa serikali wa hapa hapa kwetu, walikuwa wameshakula jogoo wote wa kijiji.

"Nthiga, rudisha mwiko. Uji nitaukoroga na nini?"

"Mama, ngoja nimalize ishirini."

"Ishirini za nini?"

"Za upande wa kushoto. Gichovi anasema mkono wangu wa kushoto umelala."

Alikuwa amefunga mpira wa maganda ya migomba, anausukuma kwa mwiko gizani, unagonga ukuta, unarudi. Magongo yenyewe ya kuchezea yalifungiwa stoo ya chifu. Mtoto akionekana na gongo kijijini angeweza kupigwa risasi. Wazungu wenyewe ndio walioanzisha mchezo wa magongo, wenyewe ndio waliokataza magongo. Hao ndio watu waliotutawala.

Kwa wale ambao hawakupata gazeti la juma lililopita, niseme kwa kifupi. Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ikiwasaka waasi wa msituni, mume wangu Njue alichukuliwa kizuizini. Nyumba yetu ilichomwa. Tulihamishwa tukaingizwa katika kile kijiji cha miiba na handaki, upande wa Embu, na humo nikamzaa Nelius. Niliishia pale karani Misheck aliposimama uwanjani na kutangaza kwamba wilaya inatafuta watoto wa kucheza mpira wa magongo.

Leo nasimulia nililofanya. Sijawahi kumwambia mtu, hata padre. Mnaoniita nyanya, mnaoniletea sukari na kuniuliza kama nimelala vizuri, someni mpaka mwisho ndipo muamue kama mtaniletea tena.

Misheck hakuwahi kushika gongo maishani mwake. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini na kuweka penseli sikioni, hata siku ambazo hakuwa na la kuandika. Mzungu wa wilaya alimwambia, "Nitafutie timu ya watoto," naye akajiona amepewa nchi.

Alichagua watoto jinsi watu wanavyochagua mbuzi sokoni. Aliwashika miguu nyuma ya goti. Aliwafungua midomo akatazama meno. Aliwatuma wakimbie mpaka kwenye mti na kurudi, na yeye amekaa kitini, ananywa chai.

"Huyu ana pumzi. Huyu ana miguu lakini hana kichwa. Huyu mpelekeni kwao akale kwanza."

Mama zao tulisimama kando na kutazama. Hakuna aliyecheka, maana karani alikuwa ametuahidi kitu.

"Mama wa mchezaji," alitangaza, "atapumzika handaki siku tatu kwa juma. Akae nyumbani ampikie mchezaji."

Siku tatu! Ninyi mliozaliwa juzi hamwelewi. Wanawake tulichimba handaki kando ya msitu siku sita kwa juma, tangu alfajiri hadi saa nane, na anayepumzika anapigwa. Nelius alikuwa na miezi minne. Nilimbeba mgongoni nikiinama na jembe, vumbi likimwingia kifuani. Alianza kukohoa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alikohoa mpaka akawa wa buluu midomoni. Mganga wa misheni alisema maneno machache tu: "Huyu mtoto akiendelea kupelekwa vumbini, mtamzika."

Basi mjue nilichokuwa nakitafuta. Sikutafuta kombe. Nilitafuta siku tatu za Nelius.

Na mjue pia nani alinisaidia mpaka hapo. Rwamba, mama yake yule Gichovi rafiki wa Nthiga, jirani yangu mlango kwa mlango. Kule handakini alikuwa anachimba sehemu yake haraka, halafu anakuja kwangu, ananyoosha mikono. "Nipe huyo. Wewe chimba." Anamfunga Nelius kifuani mwake chini ya shuka na kuchimba akiwa naye, vumbi lisimfikie. Hakuniambia nishukuru. Siku moja nilipomshukuru alinijibu, "Mama Nthiga, acha kelele, utamwamsha."

Huyo ndiye niliyemuuza.

Orodha ilikuwa ya watoto kumi na wanne. Kumi na mmoja wa kucheza na watatu wa akiba. Gichovi wa Rwamba aliandikwa wa kwanza kabisa. Alikuwa mrefu, mtulivu, anapokimbia na mpira ungedhani umefungwa na kamba kwenye gongo lake. Nthiga wangu alikuja wa kumi na tano.

Nilikwenda ofisini kwa Misheck. Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati ndani ya boma la chifu.

"Mama Nthiga," akasema bila kuinua macho, "umekuja kusalimia au umekuja kulia?"

"Nimekuja kuomba, karani."

"Kila mwanamke wa kijiji hiki anaomba. Mngechimba kama mnavyoomba, handaki lingefika Meru."

Alicheka peke yake. Nami nikatabasamu kidogo ili asione ninavyomchukia. Ndivyo tulivyoishi.

"Nthiga anacheza vizuri," nikasema.

"Najua. Miguu yake nimeipima. Lakini lori la Ogle, yule Msomali wa Meru atakayetubeba mwisho wa mwezi kwenda mashindanoni, linachukua watoto kumi na wanne na magongo yao. Wa kumi na tano nimweke wapi? Juu ya injini?"

"Mmoja akitoka?"

Hapo akaitoa penseli sikioni. "Sababu za kumtoa mtoto ni tatu. Afe, avunjike, au awe si mtoto."

Nieleze kidogo hapo. Wakati ule hakuna aliyejua umri wa mtoto wake kwa mwaka. Tulijua alizaliwa wakati wa nzige, au wakati wa njaa fulani. Misheck alianza kwa kuchora mstari kwenye mlango wa ofisi: aliyeupita kwa urefu ni mkubwa mno. Akina mama wakawafundisha watoto kukunja magoti. Akaona anachezewa, ndipo akaamua kutumia sheria yetu wenyewe. Ambaye hajatahiriwa ni mtoto. Aliyetahiriwa ni mwanamume, hata kama ni mfupi kama kuku. Timu ilikuwa ya watoto.

Mambo hayo yalikuwa na uzito kuliko mchezo. Katika Hali ya Hatari mtoto alikuwa hahesabiwi. Mwanamume alihesabiwa. Alihojiwa, alibebeshwa mawe barabarani, alichukuliwa usiku asirudi. Mama wengi waliahirisha sherehe ya watoto wao, wakaona aibu ya jitu zima kuitwa mtoto ni nafuu.

Niliitazama ile karatasi ya orodha mezani. Misheni walinifundisha kusoma kidogo, na jina la kwanza nililisoma bila shida.

Nikasema. Mdomo huu huu.

"Gichovi wa Rwamba si mtoto."

Misheck akaiweka penseli mezani. Kisha akauliza polepole, "Umejuaje?"

"Nilisikia mtoni, wanawake wakiongea."

Mwongo mimi. Nilijua kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka uliotangulia, tukiwa bado makwetu. Mama yake Rwamba alikuwa anakufa, na alitaka jambo moja tu, kumwona mjukuu wake akiwa mwanamume. Rwamba aliomba kibali cha sherehe kwa chifu mara tatu, akafukuzwa mara tatu. Basi ikafanyika kimya kimya, alfajiri, bila ngoma, bila wimbo. Wanaume walikuwa wawili, mjomba wa kijana na yule mzee mwenye kisu. Wote wawili walichukuliwa kizuizini mwezi uliofuata kwa mambo mengine. Wanawake tulikuwa watatu. Rwamba, mama yake, na mimi niliyepika uji.

Bibi yule alimtazama mjukuu wake akinywa uji ule, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageukia ukuta. Alizikwa mwezi wa kumi. Rwamba alinishika mkono akaniambia, "Haya yaishie hapa." Nikasema ndiyo.

Na sasa nimeketi mbele ya Misheck.

"Umeisaidia wilaya," akasema. Akafungua droo akanipa kipande cha sabuni.

Nilikipokea. Jioni ile nilimwogesha Nelius nacho, akanukia vizuri.

Kesho yake asubuhi watoto waliitwa uwanjani. Upande mmoja walisimama wachezaji. Upande wa pili wanaume wa kazi za kulazimishwa walikuwa wanangojea kuhesabiwa na hom gadi. Mama tulikuwa katikati na majembe yetu.

Nilidhani Misheck angemwita Gichovi faraghani. Nilijiambia atalifuta jina tu, basi. Ndivyo mtu anayejidanganya anavyofikiri. Kumbe karani alitaka watu waone.

"Gichovi wa Rwamba, mbele!"

Kijana akasogea.

"Nimesikia maneno juu yako. Sitaki mashahidi, nakuuliza wewe mwenyewe mbele ya hawa wote. Wewe ni mtoto au ni mwanamume?"

Uwanja mzima ulinyamaza. Mzungu mwenyewe, aliyekuja kutazama timu yake, hakujua kwa nini watu wamenyamaza.

Sisi tulijua. Kijana aliyepita kisuni anaweza kuificha siri miaka mingi, mradi asiulizwe. Akiulizwa mbele ya wanaume, hawezi kusema kwa mdomo wake kwamba yeye ni mtoto. Hata kwa kuokoa maisha. Akisema hivyo amejirudisha nyuma, na hakuna atakayekula naye tena. Misheck alikuwa mtu wa hapa hapa, alilijua hilo kama mimi. Ndiyo sababu aliuliza vile, mshenzi yule.

Gichovi alimtazama mama yake. Rwamba alitikisa kichwa kidogo sana, namna ya kusema, kana, mwanangu, kana.

Kijana akavua jezi ya timu akaikunja vizuri. Akaiweka chini.

"Mimi ni mwanamume," akasema.

Akatembea mwenyewe, bila kusukumwa, akaenda kusimama katika mstari wa wanaume wa kubeba mawe. Mzee mmoja kwenye mstari ule akajisogeza kumpisha nafasi, akamvika kofia yake. Nilikiona kitendo kile. Hata leo nakiona.

"Na kibali cha sherehe?" Misheck akapaza sauti. "Nani alitoa kibali?"

"Hakuna. Niliyeifanya ni mimi," Rwamba akasema, akaangusha jembe. "Mtoto hakujua habari za kibali. Nikamateni mimi."

"Mtoto?" Misheck akacheka. "Tumesikia sasa hivi kwamba hakuna mtoto hapa."

Baadhi ya hom gadi walicheka pia. Wakamchukua.

Alipopita karibu nami alifungua shuka yake, akanirushia. "Mfunike Nelius. Leo kuna upepo."

Mnaisoma hiyo? Anakamatwa kwa ulimi wangu, na ananipa shuka.

Sasa msikilize jinsi nilivyolipwa.

Siku ya pili sikwenda handakini. Nilikaa nyumbani na Nelius, nikamchemshia majani ya mkaratusi avute mvuke. Saa mbili hom gadi mmoja akapiga mlango kwa kitako cha bunduki.

"Wewe! Jembe lako liko wapi?"

"Mimi ni mama wa mchezaji. Nimepumzishwa."

"Nani kakupumzisha? Twende kwa karani."

Misheck alikuwa anakula ndizi za kuchoma. Hakuacha kutafuna.

"Mama Nthiga, ulisikiliza tangazo au ulisikiliza tumbo? Wanaopumzishwa ni mama wa wale kumi na mmoja wanaocheza. Gichovi alipotoka nimempandisha mtoto wa akiba. Nthiga ameingia akiba, nafasi ya kumi na nne. Mama wa akiba wanachimba."

"Hukuniambia hivyo!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na haraka ya kuongea."

Wajukuu wangu, nimemdharau Misheck miaka yote hii, na nitamdharau mpaka nife. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama mbele ya yale maganda ya ndizi, niliona yupo mtu wa kudharauliwa kuliko yeye. Misheck alilipwa kwa kazi yake. Mimi nilimuuza rafiki nikapata kipande cha sabuni.

Nilirudi handakini. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nipe huyo, wewe chimba. Nelius alikohoa mgongoni mwangu mpaka nikawa nasikia mbavu zake zikigonga zangu. Hom gadi mmoja wa kutoka upande wa Meru, kijana anayeitwa Kiambi, alikuja akasimama karibu yangu. Nikajua nitapigwa. Akanigeuzia mgongo.

"Mimi natazama msitu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikitazama msitu sioni anayekaa chini."

Nikakaa chini, nikamnyonyesha. Alitazama msitu mpaka Nelius akashiba. Watu wema hawakuisha hata mahali pale. Ndiyo maana sina la kujitetea.

Nyumbani, Nthiga hakugusa mwiko. Mpira wa migomba aliutupa motoni.

"Kesho mazoezi," nikamwambia.

"Siendi."

"Usipokwenda watakutoa."

"Wanitoe. Nafasi ile ni ya Gichovi. Leo nimemwona barabarani amebeba jiwe, bega linavuja damu. Nikamwita, akanijibu, 'Usiniite, wewe ni mtoto, utaonekana unaongea na wanaume.' Kisha akaniambia nisisahau mkono wa kushoto." Akanitazama. "Mama, nani alisema?"

"Sijui."

"Gichovi alikuwa hata mimi hajaniambia. Mimi rafiki yake! Sasa nani alijua?"

"Kula chakula chako, Nthiga."

Hakula. Mtoto wangu wa miaka kama kumi na mitatu hivi alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Siku ya Jumatano Misheck alikuja nyumbani kwangu mwenyewe. Alikataa kuketi. Alikitazama kitanda changu cha fito kana kwamba kingemchafua kwa macho.

"Lile jambo limekuwa kubwa," akasema. "Rwamba amejitetea kwamba ilikuwa tohara na uji tu, na mzungu ameandika barua. Anasema watu kukutana alfajiri bila kibali, na kupikiwa, hicho ni kiapo cha waasi. Si tohara."

"Tohara ilikuwa tohara, karani. Wewe ni mtu wa hapa. Unajua."

"Ninachojua mimi hakiandikwi. Wanamtaka aliyepika. Kwao, mpishi wa kiapo ni mbaya kuliko mwenye nyumba." Akainama karibu. "Rwamba ameambiwa hivi: akilitaja jina la mpishi, anarudi nyumbani kwake Jumamosi, na kijana wake anatolewa mawe. Akikataa, Jumamosi hiyo hiyo anapanda lori la kambi ya wanawake, na mpishi tutamtafuta wenyewe."

Nikauliza, "Amesema?"

"Bado. Ana kichwa kigumu kama kisiki." Akaitoa penseli. "Sasa wewe. Uliniambia ulisikia mtoni. Kwa nani?"

"Nimesahau."

"Kumbuka. Ulikumbuka vizuri sana ulipotaka nafasi."

Akamtazama Nelius aliyelala. "Mtoto anakohoa huyu. Kambi ya wanawake hawapokei watoto wanaokohoa." Akatoka, soksi zake nyeupe, hazina hata tone la matope. Sijui alikuwa anatembea juu ya nini, sisi wengine tukizama.

Mnauona mtego? Rwamba akinitaja, mimi naenda kambini, Nelius anabaki na nani? Na Nthiga? Asiponitaja, anaenda yeye, na Gichovi anabaki chini ya mawe. Na aliyeutega mtego ni mimi. Nilipokuwa namsema kijana wa watu pale ofisini, haikunijia akilini kwamba siku ile ninayoisema mimi ndiye niliyekuwa jikoni.

Alhamisi nilipika uji mzito, nikatia maziwa niliyoyaomba, nikauficha ndani ya kibuyu chini ya shuka ya Rwamba, nikaenda bomani. Mlangoni alikuwa Kiambi, yule aliyetazama msitu.

"Wageni hawaruhusiwi," akasema. Kisha akatazama kibuyu, akatazama mtoto mgongoni. "Hesabu polepole mpaka mia mbili, halafu utoke. Mimi nakwenda kufunga kamba za viatu."

Rwamba alikuwa ameketi juu ya gunia katika stoo ile ile walimofungia magongo. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Magongo kumi na manne yaliegemea ukuta nyuma yake.

"Mama Gichovi," nikasema. Nikapangusa macho.

"Usilie. Huna muda. Nelius anakohoa bado?"

"Anakohoa."

"Mlete." Nikamfungua mgongoni, akampokea, akaweka sikio kifuani pake. Akasikiliza muda mrefu. "Huku kushoto ndiko kubaya. Mlaze upande huu, si huu. Na usimpe maji baridi."

"Mama Gichovi, nimekuletea uji."

Alinywa kidogo. Akanitazama juu ya ukingo wa kibuyu.

"Umepika vizuri. Wewe hupika uji vizuri siku zote."

Nilikuwa nimehesabu mia moja, nikapoteza hesabu.

"Wananiuliza kila siku aliyepika," akasema. "Asubuhi wananiuliza kwa upole. Jioni si kwa upole. Sijawajibu."

"Kwa nini usi..."

"Humu ndani sina kazi, kwa hiyo nafikiri. Nimejiuliza, Misheck alijuaje? Mjomba yuko kizuizini tangu mwaka jana. Mzee yuko kizuizini. Mama yangu yuko udongoni. Gichovi hakumwambia hata Nthiga. Sasa nimehesabu waliobaki, Ciakuthii."

Tangu nimzae Nthiga alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikafungua mdomo.

"Usiseme hapa," akasema upesi. "Ukuta ni wa mabati, kila neno linatoka. Na usiniambie leo, leo umekuja na hofu, utasema chochote." Akamfunika Nelius vizuri, akanirudishia, akamkaza mgongoni mwangu kwa mikono yake yote miwili kama alivyokuwa akifanya handakini. "Jumamosi asubuhi mzungu ataniuliza kwa mara ya mwisho. Nitajibu nini, sijajua bado."

Nje Kiambi akakohoa. Mia mbili zilikuwa zimekwisha.

"Mama Gichovi, mimi..."

"Nenda," akasema Rwamba. "Lakini kesho, kabla giza halijaingia, njoo unitembelee tena. Uje, tafadhali. Nataka nikutazame usoni kwanza, ndipo niamue."